Masherifu na makowboi: sababu gani hadithi zao hazichakai

Katika mambo ambayo sisi mapadri na makatekista tunayapita upesi, moja ni hadithi za makowboi. Wengine wetu husema: huo ni mchezo wa watoto, farasi na vumbi na bastola. Wengine husema: ni sumu kwa vijana. Kwa maneno hayo mawili shauri linafungwa. Lakini kitu ambacho watu wa mataifa mengi wamekipenda kwa miaka zaidi ya mia moja hakifai kufungwa upesi namna ile. Papa Pius XI, katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka 1936, aliwaomba Wakristo wachague filimu kwa akili. Na mwenye kuchagua kwa akili huangalia kwanza, kisha husema. Basi tuangalie.

Filimu ya kwanza ya namna hii iliyojulikana sana ni ile ya treni iliyoibiwa, ambayo Edwin Porter aliitengeneza mwaka 1903. Inadumu karibu dakika 12 tu. Tangu siku zile zimetoka kwa maelfu, wala si Wamarekani peke yao waliozitengeneza. Mjerumani Karl May aliandika vitabu vyake vya Far West akiwa bado hajakanyaga Marekani. Alifika kule mwaka 1908, akiwa mzee wa miaka 66, na hata hapo hakufika magharibi yenyewe. Wabelgiji nao wana Lucky Luke, aliyechorwa na Morris tangu mwaka 1946. Na Jijé, ambaye wakati wa vita alichora maisha ya Don Bosco katika gazeti la Spirou, mwaka 1954 alianza kumchora kowboi Jerry Spring katika gazeti lile lile. Mkono mmoja ulimchora mtakatifu wa Turini na mpanda farasi wa Marekani, na wasomaji hawakuona ajabu.

Watu wanapenda nini ndani yake? Si ukweli wa mambo ya kale, maana ukweli wenyewe ni mdogo. Kowboi wa kweli alikuwa mtu wa mshahara mdogo. Vita ya Wamarekani wao kwa wao ilipokwisha mwaka 1865, ng'ombe wengi wa Texas walikosa wanunuzi karibu. Tangu mwaka 1867 wakaswagwa miezi mingi hata Abilene, katika Kansas, kusudi wapandishwe treni. Wachungaji wale walikula vumbi na maharagwe. Wenye elimu wanakadiri kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, jambo ambalo sinema ililificha miaka mingi. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hati ya senyenge yenye miiba, mashamba yakafungwa, reli zikasogea. Baada ya miaka ishirini hivi kazi ile kubwa ya kuswaga ng'ombe ilikuwa karibu kwisha. Sherifu naye, mara nyingi, alikuwa mtu wa kukusanya kodi, kupeleka barua za hukumu na kulinda gereza. Katika Dodge City mtu alikatazwa kutembea na bastola mjini. Mapigano yenye sifa kuliko yote, yale ya Tombstone ya tarehe 26 Oktoba 1881, yalidumu karibu sekunde 30, wakafa watu watatu. Mtu akisali Baba Yetu pole pole, yamekwisha.

Hadithi haikungoja hata kazi ife. Mwaka 1883 William Cody, aliyeitwa Buffalo Bill, alikuwa amekwisha kuigeuza kuwa maonyesho ya kulipisha, na mwaka 1885 mzee Sitting Bull, mkubwa wa Walakota, alizungushwa katika maonyesho hayo kama kitu cha kutazamwa. Mwaka 1893 Cody alipiga hema zake Chicago, karibu na maonyesho makubwa ya mataifa. Mwaka ule ule, katika mji ule ule, mwenye elimu Frederick Jackson Turner aliwafundisha wenzake kwamba Mmarekani aliumbwa na mpaka ule wenye kusogea, yaani na ardhi ya bure iliyokuwa mbele yake.

Ardhi ya bure! Hapa msomaji wa Kongo anasimama. Neno hilo tunalijua. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Mfalme Leopold II iliandika kwamba ardhi tupu ni mali ya Serikali, nayo ardhi hiyo "tupu" ilikuwa na mashamba yaliyolazwa, mapori ya kuwinda na makaburi ya wazee. Kule Marekani vilevile. Miaka mitatu kabla ya Turner kusema, tarehe 29 Desemba 1890, askari waliwaua Walakota wengi sana kule Wounded Knee, wanaume, wanawake na watoto. Uongo mkubwa wa hadithi za makowboi ni huo, na tusiuzungushe maneno: zinaonyesha nchi isiyo na wenyewe. Mwenyeji anatokea juu ya kilima kama mvua mbaya inavyotokea, anaanguka kutoka farasi, wala hatuambiwi jina la mama yake.

Sasa jambo gumu. Vijana wetu walipoonyeshwa filimu hizo, hawakukaa upande wa wenyeji. Walikaa upande wa kowboi. Katika Léopoldville ya miaka ya 1950 walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Wakavaa vitambaa shingoni, wakatunga lugha yao, Hindubill. Ng'ambo ya mpaka wa Katanga, kule Luanshya, Mmarekani Hortense Powdermaker, aliyechungua maisha ya wafanyakazi wa shaba mwaka 1953 na 1954, alikuta watu wakimshangilia kowboi kwa sauti kubwa, na kila kowboi, filimu yo yote, jina lake lilikuwa Jack.

Wengine wanalieleza jambo hili kwa neno moja: walidanganywa. Ni kweli kwa nusu. Mwenye kutengeneza filimu ndiye mwenye kutupa kiti, na kiti alichotupa kimo ndani ya gari la wasafiri, si juu ya kilima. Lakini tunafikiri kwamba kijana wa Léopoldville hakutafuta ardhi ya Walakota. Yeye aliishi katika mji ambamo usiku hakuweza kuingia upande wa Wazungu bila barua, ambamo mtu mzima aliitwa boy. Akaona katika pazia mtu maskini, mwenye nguo za vumbi, anayetembea katikati ya njia bila kuinamisha kichwa, na hakuna mwenye kumwomba karatasi. Hicho ndicho alichokichukua. Pamoja nacho alichukua mengine mabaya: kujifanya mwanaume kwa ngumi, na kuwatendea wasichana kwa ukali ambao Didier Gondola ameueleza wazi katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya vijana hao. Padri Jozef de Laet, mmisionari wa Scheut, hakuwahubiria kutoka mbali. Aliingia kati yao na kujifunza lugha yao, hata wakamwita Père Buffalo. Alijua kwamba mtu hawezi kusahihisha hadithi ambayo hajaisikiliza.

Tuisikilize basi katika filimu moja iliyo bora, kwa maana hukumu ya haki hutolewa juu ya kilicho bora. Wenye kusema Kifaransa wanaiita Le train sifflera trois fois. Fred Zinnemann aliitengeneza mwaka 1952, na aliyeiandika ni Carl Foreman, akianzia katika hadithi fupi ya John Cunningham ya mwaka 1947. Inadumu dakika 85, na saa za ukutani ndani ya filimu zinakwenda karibu sawasawa na saa ya mwenye kutazama.

Ni Dominika asubuhi, saa nne imepita, katika mji mdogo uitwao Hadleyville. Will Kane, mkubwa wa polisi wa mji (vijana wetu wanamwita sherifu, tuwaachie neno lao), amefunga ndoa sasa hivi na Amy na kuiweka chini nyota yake ya kazi. Mwenye kumpokea anafika kesho. Inafika telegrama: Frank Miller, mwuaji aliyekamatwa na Kane na kuhukumiwa kufa, amesamehewa, naye atafika kwa treni ya saa sita. Watu wake watatu wanamngoja stesheni. Marafiki wanamsukuma Kane aondoke na mke wake. Anaondoka, kisha njiani anageuza gari. Muda uliobaki, anatembea nyumba kwa nyumba akitafuta watu wa kusimama pamoja naye.

Hiyo ndiyo filimu. Bastola zinapiga dakika chache tu karibu na mwisho. Mwenye kusema kwamba watu wanapenda hadithi hizi kwa sababu ya bastola, atueleze sababu gani filimu hii, ambayo karibu yote ni mtu kubisha hodi, imependwa namna hii. Jaji aliyemhukumu Miller anafunga vitabu vyake na mizani yake katika mfuko na kupanda farasi. Naibu wa Kane anataka cheo kwanza. Rafiki mmoja anajificha chumbani na kumtuma mke wake aseme hayupo. Uso wa mke yule, mwenye kusema uongo juu ya kizingiti, ni mahubiri mazima juu ya amri ya nane. Mwingine alijitoa kwa furaha, lakini akiona kwamba yuko peke yake anakumbuka watoto wake. Waliobaki kujitoa ni wawili: mlevi mwenye jicho moja, na mtoto wa miaka 14. Kane anawarudisha nyumbani.

Halafu anaingia kanisani. Ni kanisa la Waprotestanti, lakini ndugu mafratri wasijifariji kwa jambo hilo. Pasta anasoma nabii Malaki, sura ya 4, juu ya siku ile inayokuja yenye kuwaka kama tanuru. Siku yenyewe inaingia kwa mlango, imevaa kofia, nayo haitambui. Neno lake la kwanza kwa Kane ni lawama: wewe huji sana hapa, hata ndoa yako ya leo hukuona vema kuifungia hapa. Kane anakiri kwamba si mtu wa kanisa, na kwamba mke wake ni wa dini ya Wakwekeri. Amekuja tu kwa sababu humu mna watu.

Wanaume wengine wanainuka mara moja. Mmoja anasema: ngoja, tuzungumze kwanza. Watoto wanatolewa nje wakacheze, na mazungumzo yanaanza. Huyu anasema Kane si mkubwa wa polisi tena. Yule anasema labda ni ugomvi wao wawili tu. Mwingine: tunalipa kodi kusudi askari wafanye kazi hiyo, si sisi. Mwanamke mmoja anainuka na kuwaaibisha wote, akikumbusha siku ambazo mwanamke mwema hakuweza kupita njiani mchana. Wanamsikiliza, kisha wanaendelea. Mwenye kuhudhuria baraza la parokia mara kwa mara anaijua sauti ya kila mmoja wao.

Pasta anaulizwa naye. Anajibu kwa maneno mengi kwamba amri inakataza kuua, na kwamba hata hivi watu wanaajiriwa kufanya hivyo; haki na uovu vinaonekana wazi hapa; lakini kuwatuma watu wake wakaue, na labda wakauawe, hajui aseme nini. Anaomba radhi. Hapo meya wa mji, rafiki wa Kane, anashika neno. Anamsifu kuliko wote. Anasema mji una deni kwake. Kisha anasema kwamba matajiri wa kaskazini wanafikiri kuweka fedha, kujenga maduka na viwanda, na damu njiani itawafukuza. Kwa hiyo kwa faida ya mji, na kwa faida yake mwenyewe, Kane aende zake. Hakuna anayebisha. Kane anatoka.

Wenye kuandika juu ya filimu hii hukaa sana juu ya njia tupu ya saa sita, na mtu mmoja mrefu katikati yake. Sisi tunaona kwamba moyo wake ni kanisa lile. Njia haikuwa tupu yenyewe. Ilifanywa tupu kwa kura ya watu wema, baada ya wimbo, kwa hoja ambazo karibu zote zina ukweli kidogo. Na hapa tunafikiri tumeshika sababu ya hadithi hizi kutochakaa. Zinakaa mahali ambapo sheria imeandikwa lakini haijafika, ao imefika na kuondoka kama jaji yule. Mahali hapo si Kansas peke yake. Katika Kivu na Ituri, tangu vita ya mwaka 1996, wako watu wengi ambao hawahitaji kuelezwa maana yake kujua kwamba watu wenye silaha watafika saa fulani, na kuona nani anafunga mizigo yake kwanza.

Foreman mwenyewe aliiandika akiwa katika hali ile. Mwaka 1951 aliitwa mbele ya baraza la wabunge wa Marekani lililokuwa likitafuta wakomunisti. Alikataa kuwataja wenzake, akakimbiwa na marafiki, akahamia Uingereza. Lakini filimu haikubaki mali ya upande mmoja. Mwaka 1989, kwa uchaguzi wa tarehe 4 Juni kule Polandi, kijana Tomasz Sarnecki alitengeneza picha ya kubandika: ni Kane yule yule anayetembea kuelekea kwetu, jina la Solidarność kifuani juu ya nyota, na mkononi, badala ya bastola, karatasi ya kura. Katika uchaguzi ule Solidarność ilipata viti 99 kati ya 100 vya Seneti. Picha ile yatufundisha jambo ambalo wahakiki wengi hawakuliona: ondoa bastola, na hadithi bado inasimama. Ondoa njia tupu, inaanguka.

Wako walioichukia. Howard Hawks alisema sherifu anayejua kazi yake hazunguki akiomba msaada wa watu wasioijua. Akajibu kwa filimu yake Rio Bravo ya mwaka 1959, pamoja na John Wayne. Ni filimu ya kufurahisha, tunaipenda. Lakini mwangalie ni nani wanaomsaidia sherifu wa Hawks: mlevi, mzee kilema, na kijana. Karibu ni wale wale waliorudishwa na Kane! Hawks alidhani anampinga Zinnemann. Kwa kweli aliokota jiwe ambalo mwashi mwenzake alilitupa. Wayne naye, mwaka 1971, alieleza kwa hasira kwamba mwishoni Kane anaitupa nyota yake na kuikanyaga. Hakuikanyaga. Aliiangusha tu katika vumbi, mbele ya watu waliotoka majumbani hatari ilipokwisha, akapanda gari bila kusema neno.

Filimu hii ina ugonjwa wake pia. Amy, mke wa Kane, ni Mkwekeri, yaani mtu wa dini inayokataa silaha kabisa. Baba yake na kaka yake waliuawa kwa bunduki, ndipo akaamini hivyo. Mtu peke yake katika filimu mwenye kufikiri sawasawa juu ya kuua ni yeye, na hadithi inamgeuza: mwishoni anashika bastola na kumpiga mtu mgongoni. Filimu haimpi hata dakika moja ya kulia. Hapa Foreman na Zinnemann walishindwa. Waliuliza swali la haki kwa saa nzima, kisha wakalijibu kwa risasi, kwa sababu watu walikuwa wamelipa tikiti. Uongo huu tunauogopa kuliko bastola zote: kwamba mtu mwenye imani ya amani ni mtoto ambaye hajakua bado. Bills wa Léopoldville waliumeza, na wengine wengi baada yao, wenye bunduki zisizo za mti.

Sisi hapa tunajua jibu jingine. Oktoba 1996, vita ilipofika Bukavu, wakubwa wa serikali na wa jeshi walikimbia mji. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Myezuiti, hakukimbia. Alikuwa ameandika barua nyingi kwa mataifa akiomba msaada, akabisha hodi kila mlango, kama Kane. Hakujibiwa, kama Kane. Tarehe 29 Oktoba walimwua katika njia ya mji wake. Hakuwa na silaha. Hakuna filimu inayomaliza namna ile, kwa maana mtazamaji angetaka arudishiwe fedha zake.

Kwa mapadri wenye kuonyesha filimu parokiani: hii yafaa kwa wakubwa na kwa vijana wa miaka 14 na zaidi. Ni nyeusi na nyeupe, nao vijana watanung'unika robo saa ya kwanza, waacheni wanung'unike. Sauti za Kifaransa ni nzuri, ila padri ao katekista awe karibu kueleza maneno ya kanisani, maana yanapita upesi. Msimamishe filimu pale Kane anapotoka kanisani na mlango kufungwa. Washeni taa, waulizeni watazamaji ni nani kati ya wenye kusema alisema kweli, na msikilize vizuri, hasa wanawake. Kisha zimeni taa tena. Treni bado haijafika.